Namna ya Kushiriki Mashauriano ya Mradi wa Betri Kubwa ya Kuhifadhi Umeme: Mwongozo kwa Wakazi

Mradi wa betri kubwa ya kuhifadhi umeme unapotangazwa, maswali ya wakazi huwa ni yale yale: je, betri hizi zinaweza kulipuka, kelele zake zitafika mpaka vyumbani, ardhi itarudi katika hali gani baada ya miaka ishirini, na je, maoni yetu yana uzito wowote au tumeitwa kujaza viti tu? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi, kiongozi wa mtaa au mjumbe wa kamati ambaye hajawahi kushiriki mashauriano ya aina hii na amebakiwa na wiki chache kabla ya mkutano. Haukushawishi kuukubali mradi wala kuukataa. Unachosisitiza ni kwamba mashauriano humfaa mkazi pale tu hoja yake inapoingia katika maandishi, ikajibiwa kwa maandishi, na hatimaye ikawa sharti ndani ya kibali ambalo mwekezaji atawajibishwa akilivunja.

Sheria za nchi hutofautiana kuhusu muda wa kutoa maoni, ofisi inayoamua na haki ya kukata rufaa, lakini kazi ya mkazi mwenyewe haitofautiani sana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tangazo rasmi la mradi, lenye jina la mamlaka itakayoamua na tarehe ya mwisho ya kupokea maoni.
- Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii pamoja na viambatisho vyake vyote. Muhtasari unaogawiwa mkutanoni hautoshi, kwa sababu vipimo vya kelele, michoro ya makontena ya betri na mpango wa dharura huwa katika viambatisho.
- Ramani inayoonyesha mpaka wa kiwanja, nyumba zilizo karibu, visima, mito, shule, njia ya mifugo na barabara za kuingilia.
- Daftari moja la kumbukumbu litakalotunzwa na mtu mmoja anayejulikana.
- Kikundi cha watu watatu hadi watano mliogawana kazi: wa kusoma ripoti, wa kuandika na wa kuzungumza. Mtu mmoja akibeba yote atachoka kabla ya mkutano wa pili.

Mambo machache ya kuelewa kwanza

Ukubwa wa mradi hutajwa kwa vipimo viwili. Megawati hueleza kasi ya kutoa umeme kwa wakati mmoja, na megawati-saa hueleza jumla ya umeme uliohifadhiwa. Ni kama upana wa bomba na ujazo wa tangi. Betri ya Hornsdale huko Australia Kusini, iliyoanza kazi mwaka 2017, ilikuwa na megawati 100 na megawati-saa 129, maana yake ikitoa umeme kwa nguvu zote iliisha baada ya muda uliozidi kidogo saa moja na robo. Mwekezaji akitaja megawati peke yake, muulize megawati-saa, kwa sababu idadi ya makontena yatakayokuwa jirani yako hutegemea zaidi kipimo hicho cha pili.

Betri nyingi za miradi mipya ni za lithiamu. Zipo za fosfati ya chuma, na zipo za nikeli, manganizi na kobalti. Zile za kwanza hustahimili joto zaidi kabla ya kuharibika, lakini si kweli kwamba haziwezi kuwaka. Seli, yaani kipande kimoja kidogo cha betri, ikiharibika hutoa joto, joto hilo huchochea mchakato wa kikemia unaozalisha joto zaidi, kisha seli ya jirani nayo hufuata. Hapo hutoka gesi zenye hidrojeni, kaboni monoksaidi na kiasi cha hidrojeni floraidi, ambayo ni sumu, na gesi hizo zikijikusanya mahali palipofungwa zinaweza kulipuka. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika mji wa Surprise, jimbo la Arizona, Aprili 2019: mfumo wa kuzima moto ulifyatuka kama ulivyopangwa lakini haukuzuia seli kuendelea kuharibika, na mlango ulipofunguliwa saa kadhaa baadaye, mlipuko uliwajeruhi askari wa zimamoto. Januari 2025, huko Moss Landing, California, zaidi ya watu 1,000 waliagizwa kuhama kwa muda baada ya moto kushika betri zilizopangwa ndani ya jengo moja kubwa. Miradi mingi ya sasa huweka betri nje, katika makontena yaliyotenganishwa, kwa hiyo si haki kuulinganisha kila mradi na ule. Ni haki kabisa, hata hivyo, kuuliza kontena na kontena vitaachana kwa mita ngapi.

Hatua kwa hatua

1. Fahamu ni nani anayeamua, na lini. Mara nyingi anayeitisha mkutano ni mwekezaji au mshauri aliyeajiriwa naye, ilhali anayetoa kibali ni mamlaka nyingine kabisa. Maoni uliyomweleza mwekezaji kwa mdomo huenda yasimfikie mwamuzi kamwe. Andika katika ukurasa wa kwanza wa daftari jina la mamlaka, anwani yake, namba ya maombi ya mradi na tarehe ya mwisho ya maoni. Uliza pia kama kuna vibali vingine vinavyoombwa kando, kwa mfano cha njia mpya ya umeme au kituo cha kupozea umeme, kwa sababu wakati mwingine nguzo zitakazopita shambani kwako hazimo katika maombi ya betri.

2. Omba nyaraka kwa maandishi. Taja kila unachohitaji: ripoti kamili, mchoro wa mpangilio wa makontena, utafiti wa kelele, mpango wa dharura, mpango wa kufunga mradi, na ripoti ya jaribio la moto la aina ya betri itakayotumika. Hili la mwisho linahitaji uangalifu. Utaambiwa kwamba betri «zimefaulu UL 9540A». Hilo ni jaribio la kupima jinsi moto unavyosambaa kutoka seli hadi moduli, yaani kundi la seli zilizounganishwa, kutoka moduli hadi kontena zima, na matokeo yake ni takwimu ambazo mhandisi wa moto huzitumia katika usanifu. Halina kufaulu wala kufeli. Omba matokeo yenyewe, kisha uliza kama betri iliyojaribiwa ndiyo itakayoletwa. Ikiwa mwekezaji hajachagua bado aina ya betri, hilo nalo liandikwe, kwa kuwa tathmini nzima itakuwa imejengwa juu ya makisio.

3. Tembeeni eneo lenyewe mkiwa na ramani mkononi. Hesabuni nyumba, visima na njia za miguu. Ni jambo la kawaida kukuta ripoti imetumia picha ya satelaiti ya zamani ambayo nyumba zilizojengwa karibuni hazionekani. Pimeni umbali kutoka uzio uliopangwa hadi nyumba ya karibu zaidi, angalieni maji ya mvua yanaelekea wapi, na mwaulize wazee upepo huvuma kutoka wapi wakati wa kiangazi, kwa sababu moshi utafuata njia hiyo hiyo. Barabara ya kuingilia mtaijua nyinyi kuliko mshauri yeyote: ikiwa hujaa maji kila masika, gari la zimamoto halitapita.

4. Kusanya hoja za wale wasiofika mkutanoni. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi huwakosa wafanyakazi, wanafunzi, wachuuzi na akina mama wengi wenye watoto wadogo. Wapangaji husahaulika kwa sababu barua hutumwa kwa wenye nyumba, na wafugaji wanaopita kwa msimu husahaulika kwa sababu hawana nyumba mahali hapo. Nendeni kwao. Andikeni hoja ya kila mmoja kwa maneno yake, bila kuipamba, na pale anaporidhia andikeni jina lake. Ikiwa eneo ni la watu wa asili wenye uhusiano wa jadi na ardhi hiyo, jueni kwamba Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linazungumzia ridhaa ya hiari, itolewayo mapema na kwa taarifa kamili, na kiwango cha 7 cha utendaji cha IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi, huitaka ridhaa hiyo katika mazingira maalumu.

5. Geuza kila hofu iwe swali lenye kipimo. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo kamati nyingi hupoteza nafasi yao. Swali «Je, mradi huu ni salama?» litajibiwa «Ndiyo» na mkutano utaendelea. Lilinganishe na hili: «Kontena moja likishika moto saa nane usiku, ni nani atakayepata taarifa kwanza, atakuwa wapi, atamjulisha nani, na mkazi wa nyumba iliyo mita 180 mashariki mwa uzio atajuaje kwamba anatakiwa afunge madirisha au aondoke?» Swali la namna hii haliwezi kujibiwa kwa tabasamu. Ama mpango upo, ama haupo.

Kuhusu moto, uliza umbali kati ya makontena, namna gesi zitakavyogunduliwa na kutolewa nje kabla hazijajikusanya, na nini kitafanyika wakati wa majaribio kabla ya kituo kuanza kazi rasmi. Swali la majaribio hupuuzwa mno. Betri kubwa ya jimbo la Victoria, Australia, ilishika moto tarehe 30 Julai 2021 ikiwa bado katika majaribio: kimiminika cha kupozea kilivuja ndani ya kontena moja, na kontena hilo lilikuwa limezimwa kwa swichi yake, hivyo baadhi ya mifumo ya ulinzi na ufuatiliaji haikuwa ikifanya kazi. Moto uliruka hadi kontena la pili. Kwa hiyo mtake mwekezaji aeleze ulinzi utakaokuwapo tangu siku kontena la kwanza linapofika likiwa na chaji.

Kuhusu maji ya kuzimia moto, fanya hesabu mwenyewe. Mwongozo wa mwaka 2023 wa baraza la wakuu wa zimamoto la Uingereza ulipendekeza uwezo wa lita 1,900 kwa dakika kwa muda usiopungua saa mbili. Hizo ni lita 228,000. Uliza zitatoka wapi, kisha uliza swali ambalo ni zito zaidi: baada ya kupita juu ya betri zinazoungua, zitakwenda wapi? Ikiwa jibu ni «bwawa la kuzuia», uliza ujazo wake, kama chini limezibwa lisivuje, na nani atapima maji hayo kabla hayajaachiliwa. Usishangae ukiambiwa kwamba moto wenyewe utaachwa uungue huku makontena ya jirani yakipozwa kwa maji; mara nyingi huo ndio utaratibu unaopendekezwa na wataalamu, nawe shughulika na moshi wa saa hizo zote.

Kuhusu kelele, omba jedwali la makadirio kwa kila nyumba iliyo karibu. Chanzo cha kelele ni feni za kupoza, inveta (vifaa vinavyobadilisha umeme wa betri uwe wa gridi) na transfoma. Desibeli hazijumlishwi kwa hesabu ya kawaida: mashine mbili zenye desibeli 50 kila moja hutoa jumla ya 53, na mashine kumi hutoa 60, kwa hiyo maelezo kwamba feni moja haisikiki hayakuambii lolote kuhusu kiwanja chenye feni mia. Angalia kama makadirio yalifanywa kwa hali ya usiku wa joto feni zote zikizunguka kwa kasi ya juu, na kama kelele ya asili ya usiku ilipimwa hapo hapo mahali au ilikisiwa. Transfoma huwa na mvumo wa sauti moja, wa hezi 100 kwenye gridi ya hezi 50 na hezi 120 kwenye gridi ya hezi 60, ambao humkera mtu hata kama desibeli ni chache, na utafiti mzuri huuongezea desibeli kadhaa katika hesabu kwa sababu hiyo. Kama nchi yako haina kikomo chake, miongozo ya IFC ya mwaka 2007 hutaja desibeli 45 za usiku kwa maeneo ya makazi, na miongozo ya mwaka 2009 ya ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani hupendekeza wastani wa 40 nje ya nyumba wakati wa usiku.

Kuhusu mwisho wa mradi, betri za aina hii kwa kawaida hukadiriwa kudumu miaka 15 hadi 20. Uliza nani atalipia kuziondoa, fedha hizo zimewekwa wapi tangu mwanzo, na nini kitatokea kampuni ikifilisika. Uliza pia kuhusu nyongeza, kwa sababu uwezo wa betri hupungua kadiri miaka inavyopita na mara nyingi mwekezaji huongeza makontena mapya ili kuufidia. Kibali kitaje idadi ya juu kabisa ya makontena, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

6. Zungumza na kikosi cha zimamoto kabla ya mkutano. Uliza kama wameonyeshwa mchoro wa kituo, kama wana mafunzo na vifaa vya moto wa betri, na kama njia mbili za kuingilia zimepangwa ili moshi ukiziba moja watumie ya pili. Jibu la «bado hatujahusishwa» ni hoja nzito kuliko malalamiko ya watu hamsini, na mamlaka haitaipita kirahisi. Omba walitoe kwa barua.

7. Mkutanoni, linda kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi za mkutanoni hupotea vivyo hivyo. Mwandishi wenu aandike swali, jina na cheo cha aliyejibu, jibu lenyewe, na tarehe aliyoahidi kuleta nyongeza. Kumbukumbu nzuri husomeka hivi: «Mkazi aliuliza kama maji ya kuzimia moto yatazuiwa yasifike kisimani. Mhandisi wa mwekezaji alijibu kwamba bwawa la kuzuia litajengwa, lakini ujazo wake haujapangwa. Aliahidi kuleta hesabu kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi.» Kumbukumbu mbaya, ambayo ndiyo utakayoikuta katika ripoti nyingi, husomeka: «Wananchi waliuliza kuhusu maji na wakaridhishwa na majibu.»

Kabla ya kufunga kikao, ombeni muhtasari usomwe kwa sauti, na mtoe masahihisho papo hapo.

*Tahadhari:* Karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa inaweza baadaye kuambatishwa kama orodha ya waliokubali mradi. Usitie sahihi karatasi ambayo juu yake hapajaandikwa wazi kwamba ni mahudhurio tu. Ukikuta ipo wazi, andika mwenyewe neno «mahudhurio» kando ya sahihi yako, kisha uipige picha.

8. Wasilisha maoni yako kwa maandishi kwa mwamuzi. Taja namba ya maombi, eleza unaishi wapi ukilinganisha na kiwanja, na toa hoja moja katika kila aya. Kila hoja iwe na sehemu tatu: ukurasa wa ripoti unaohusika, kasoro uliyoiona, na sharti unalolipendekeza. Kwa mfano: «Jedwali la kelele halina nyumba tatu za upande wa kaskazini zilizoonyeshwa katika ramani tuliyoambatisha. Tunaomba makadirio yarudiwe, na kibali kiwe na sharti kwamba kelele za usiku katika nyumba hizo zisizidi desibeli 40, zikipimwa na mtaalamu huru ndani ya miezi mitatu baada ya kituo kuanza kazi.» Barua mia moja zilizonakiliwa neno kwa neno mara nyingi huhesabiwa kuwa hoja moja, barua kumi zenye hoja kumi tofauti zitabidi zijibiwe kumi. Hifadhi nakala yenye mhuri wa kupokelewa au uthibitisho wa barua pepe.

9. Tenganisha kibali na manufaa. Mwekezaji anaweza kuahidi mfuko wa maendeleo, ukarabati wa barabara au ajira. Pokeeni mazungumzo hayo, lakini msikubali yafanyike katika kikao kile kile kinachojadili usalama, kwa kuwa darasa jipya la shule halipunguzi hidrojeni floraidi. Juu ya ajira, ulizeni idadi ya wakati wa ujenzi na ya wakati wa uendeshaji kila moja peke yake: vituo hivi husimamiwa kwa mbali, na kikishaanza kazi hubaki walinzi na mafundi wachache. Ulizeni pia kama umeme wa eneo lenu utabadilika kwa namna yoyote, kwa sababu kituo huunganishwa na njia kuu ya gridi, na kuishi jirani nacho hakumaanishi kwamba umeme wa nyumbani hautakatika. Kinachokubaliwa kiwe mkataba ulioandikwa, wenye tarehe, viwango na sharti kwamba mmiliki yeyote atakayenunua mradi ataurithi mkataba huo.

10. Fuatilia mpaka uone masharti ya kibali. Omba jedwali la hoja na majibu, ulisome ukiwa na daftari lenu, na weka alama kwenye kila hoja iliyoachwa au iliyobadilishwa maneno. Kisha usome kibali chenyewe. Ahadi iliyomo katika ripoti lakini haimo katika masharti ni dhaifu, na ile iliyotamkwa na msemaji mkutanoni pekee haina nguvu yoyote. Andikia mamlaka mapema, kabla uamuzi haujatolewa, ukiorodhesha ahadi mnazotaka ziwe masharti.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kungoja mkutano wa hadhara ndipo mtu asome ripoti. Wakati huo kwa kawaida mpangilio wa kiwanja umeshachorwa na gharama ya kuusogeza imeshapanda. La pili ni kutumia picha ya moto wa mahali pengine bila kueleza inahusianaje na mradi wenu. Mshauri atakujibu kwamba ile ilikuwa betri ya aina nyingine, atakuwa amesema kweli, na hoja zako nyingine zote zitadhoofika. La tatu, ambalo linaniuma zaidi kuliko yote, ni kumwachia kiongozi mmoja mazungumzo ya faragha na mwekezaji. Hata akiwa mwaminifu, watu watamshuku, na kamati itavunjika wakati inapohitajika. Kila kikao na mwekezaji kiwe na wajumbe wasiopungua wawili na muhtasari unaosomwa kwa wote.

Mambo yakikwama

*Ripoti imeandikwa kwa lugha msiyoielewa.* Ombeni kwa maandishi muhtasari kwa lugha ya wakazi pamoja na mkutano wa maelezo, na mseme wazi kwamba muda wa maoni uhesabiwe kuanzia siku muhtasari huo utakapotolewa. Wakati mnasubiri, someni ramani, majedwali na michoro, ambayo haihitaji lugha nyingi.

*Mmenyimwa nyaraka kwa sababu ya siri ya biashara.* Bei na mikataba ya ununuzi yaweza kuwa siri, lakini umbali wa makontena, aina ya kemikali, makadirio ya kelele na mpango wa dharura ni habari za usalama wa umma. Ombeni nakala iliyofunikwa sehemu za kibiashara pekee, na mpeleke ombi hilo hilo kwa mamlaka. Pale ambapo ipo sheria ya haki ya kupata taarifa, itajeni.

*Mkutano ulifanyika bila nyinyi kujua.* Kusanyeni ushahidi wa namna tangazo lilivyotolewa: lilibandikwa wapi, lini, kwa lugha gani. Ombeni mkutano mwingine, lakini msisitishe kuandika maoni kwa kungoja jibu, maana tarehe ya mwisho haitawasubiri.

*Uvumi umeuteka mjadala.* Hofu ya mionzi hujitokeza karibu kila mahali. Betri za lithiamu hazina mada za mionzi ya nyuklia, na uga wa sumaku wa mitambo ya umeme hupungua haraka kadiri unavyoondoka karibu nayo. Mjibuni anayeuliza kwa heshima, kisha mrudisheni kwenye moshi, maji na kelele, ambako hoja yake itakuwa na mashiko.

*Jamii imegawanyika.* Msilazimishe msimamo mmoja. Wanaoutaka mradi na wasioutaka wanaweza kutia sahihi orodha moja ya masharti ya usalama, kwa kuwa hata anayeutaka hapendi kuvuta moshi. Msimamo wa jumla kila upande uuandike katika barua yake.

*Mradi umeuzwa.* Ni kawaida mradi kuuzwa baada ya kupata kibali. Mwandikieni mmiliki mpya ndani ya wiki za mwanzo, mkiambatisha masharti ya kibali, mkataba wa manufaa na muhtasari wa ahadi zote, na mumwombe athibitishe kwa barua ni nani atakayeshughulikia malalamiko.

*Kibali kimetolewa na hoja zenu zimepuuzwa.* Ulizeni siku hiyo hiyo muda wa kukata rufaa, kwa sababu huwa mfupi, na mtafute mwanasheria au shirika la msaada wa kisheria. Chunguzeni pia ni nani anayekopesha fedha za mradi. Miradi inayofadhiliwa na IFC inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wakazi, na usiporidhisha, ofisi ya CAO, ambayo ni chombo huru cha malalamiko kuhusu miradi ya IFC, hupokea malalamiko kutoka kwa watu walioathirika. Kwa miradi ya serikali inayofadhiliwa na Benki ya Dunia lipo Jopo la Ukaguzi lililoanzishwa mwaka 1993. Malalamiko ya aina hiyo hayahitaji wakili, ila hupata nguvu yakiwa na tarehe, nyaraka na maelezo ya jinsi mlivyojaribu kwanza kuzungumza na wahusika.

*Kituo kimeanza kazi na kelele zimezidi.* Kila nyumba iliyoathirika iandike tarehe, saa, aina ya sauti na hali ya hewa kwa wiki mbili mfululizo. Programu za simu za kupima desibeli husaidia kuonyesha saa ambazo tatizo huzidi, lakini hazitakubaliwa kama ushahidi wa mwisho. Pelekeni kumbukumbu hizo kwa mamlaka pamoja na namba ya sharti la kelele katika kibali, na muombe kipimo cha mtaalamu huru kifanyike usiku, katika saa mlizoziandika, kituo kikiwa kinachaji au kutoa umeme kwa nguvu zote.